Usimwambie Mlangoni

Hirut wangu,

Umetoka kwenda Parramatta kuagana na wenzako, na mdogo wako Yona amelala usingizi wake wa mchana, kwa hivyo nyumba imetulia na nimeshika kalamu. Sikuandikii mambo ya pasipoti wala barakoa wala cheti cha chanjo. Hayo tumeyasema mpaka ukanizungushia macho. Kama kuna kitu tumesahau kupakia, utakikosa na utaishi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, cha kumwambia mzee wa watu ainue mkono nimvalishe sweta. Hakiwezi kubeba haya. Najua utasoma polepole, ukitamka neno moja moja kwa sauti kama unavyosoma meseji za shangazi zako wa Machakos. Ni sawa. Isome ukiwa ndegeni, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Jambo lenyewe ni moja. Jana jikoni ulisema ukifika Yirgalem, kabla hujaweka mkoba chini, utamwambia Emama, nyanya yako, kwamba mwanawe, baba yako, amekufa. Nilikuwa nakata sukuma wiki na kisu kikasimama chenyewe. Ulisema, "Mum, it's been months. She's his mother." Nikakwambia utaratibu wa kwao hauko hivyo. Ukaniuliza ni utaratibu gani huo wa kumdanganya mtu mzima kila Jumapili. Nikaanza kukugombeza juu ya sufuria uliyoiacha chafu. Sufuria haikuwa na kosa.

Sasa nimeyapata maneno, au baadhi yake. Nakuomba umngoje Baba mdogo Getu na watu wake. Usimwambie Emama mlangoni. Nitakueleza kwa nini naomba, na si kwa kuwa mimi ni mkubwa na wewe ni mdogo. Ni kwa sababu mimi nilishafanya hilo unalotaka kufanya, katika mji huohuo, nyumba ya pili kutoka kwa Emama.

Nilikuwa na umri kama wako sasa. Wewe ulikuwa tumboni, hujaanza hata kucheza. Baba yako Girma alikuwa mkimbizi Eastleigh, Nairobi, na kwao hakuweza kurudi. Siku hizo aliyekimbia akirudi alijua mwenyewe kinachomngoja. Lakini alitaka mama yake aone uso wa mwanamke atakayemzalia mjukuu. Kwa hivyo nilikwenda mimi, msichana wa Machakos aliyeachia shule darasa la nane, muosha vyombo katika hoteli ya Wahabeshi, nisiyejua neno la Kiamhara zaidi ya majina ya vyakula. Nilipanda juu ya lori la ng'ombe linalorudi tupu Moyale. Nilikula vumbi la Marsabit mpaka meno yakawa yanasaga. Ng'ambo ya mpaka nikashika basi, na basi jingine, na penye njia panda ya Aposto nikapandishwa gari la farasi pamoja na mwanamke mwenye kuku wawili, na farasi akatuingiza mjini taratibu kama anayetupeleka harusini.

Mji ni mdogo, mwenyewe utauona. Labda siku hizi una lami na pikipiki za magurudumu matatu. Wakati ule ulikuwa na udongo mwekundu unaonata viatuni, mvua kila alasiri, na moshi wa kuni za mkaratusi unaolala juu ya mabati asubuhi. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na migomba mikubwa mizuri. Nikakaa siku kadhaa nikingoja kuona ndizi. Haizai ndizi, Hirut. Wanachimba wanakula shina lake. Emama alicheka mpaka akashika mlango alipojua ninachongoja. Usiku fisi walilia karibu na uzio, na mimi nikawa nashika tumbo, eti nakuziba masikio.

Saa zao ni kama zetu. Hilo ndilo lililonipa moyo. Kwao pia asubuhi inaanza saa moja, si saa saba ya Wazungu. Emama alipotaka kuniambia muda, alinionyesha vidole na mimi nilielewa moja kwa moja. Nikajiona si mgeni sana.

Alinipokea kwa kunibusu mashavuni, huku na huku, mara nyingi nikapoteza hesabu. Kisha akaweka kiganja hapa, tumboni. Kisha akanyoosha mkono kuomba picha. Nilikuwa nimebeba picha ya baba yako akiwa amesimama mbele ya duka la simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma, kana kwamba angekiona kisogo chake. Jioni ile alikata kipande cha mkate wao wa injera, akafungia kitoweo ndani, akanisogezea mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Niliona aibu, mtu mzima kulishwa tonge. Nikafungua mdomo. Na wewe utafungua.

Sasa jirani. Aliitwa Alemitu, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Mwanawe Dawit alikaa chumba kimoja na baba yako Eastleigh. Nilimjua Dawit. Alikuwa akinitania kwamba ninaosha sahani kama mtu anayezipiga kofi. Muda mfupi kabla ya safari yangu alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa kwenye kitanda cha hospitali huku sisi tumekaa nje kwenye benchi tukila mahindi, tukidhani anapata nafuu. Mashuka yake nilifua mimi.

Asubuhi ninayopanda lori, baba yako aliniambia, "Mambo ya Dawit usiyaseme. Watasema wenyewe." Nilidhani ni woga. Baba yako alikuwa na woga mwingi wa mambo ya nyumbani, kwa hivyo nikalichukua neno lile nikaliweka pamoja na mengine.

Siku ya pili tu Alemitu alikuja. Alikuwa na picha ya mwanawe ndani ya ile shuka nyeupe wanayojitanda, wanayoita netela. Akanionyesha, akauliza, "Nairobi? Dawit? Dehna?" Neno dehna nilikuwa nimeshalijua, ndilo la salamu, mzima, hajambo. Kabla sijafungua mdomo Emama alishamshika mkono, akamkalisha, akamwaga buni kwenye kikaango, wakaanza kucheka juu ya jambo jingine. Wanawake wengine wawili walikuwapo. Wote walicheka naye. Lakini nikaona macho yao yalivyokutana juu ya kichwa chake, nikajua kwamba wanajua. Habari ilishafika kabla yangu. Mtaa mzima unajua mwana wa mama huyu yuko kaburini, na mtaa mzima unamchekea na kumpa kahawa.

Nililala na hasira. Nikawaza, hawa watu wana roho gani. Yaani yale maneno yako ya jana, Hirut, niliyasema mimi kwanza, kichwani mwangu, kwa Kikamba.

Siku ya soko Emama alitoka. Mvua ilikuwa inaanza. Alemitu akaja langoni peke yake, mwavuli umevunjika upande mmoja, akatoa picha. "Dawit? Dehna?" Nilikuwa namwonea huruma, na nakuapia ilikuwa huruma tupu. Nilijiambia mama ana haki ya kujua. Nikaichukua ile picha mkononi mwake, nikatikisa kichwa, nikafumba macho, nikakunja mikono kifuani namna anavyolazwa maiti.

Alinitazama. Akatabasamu, Hirut. Akanipigapiga shavu kama mtu anayemshukuru mtoto, akachukua picha yake, akaifuta matone, akaondoka. Alipofika kwenye mtaro wa barabarani akakaa. Alikaa ndani ya maji yanayopita, mwavuli umeinama, kama mtu aliyekaa kitini. Nilikimbia. Sikuweza kumwinua. Sikuwa na neno hata moja la kumwambia kwa lugha yake ila majina ya vyakula. Njia ilikuwa tupu kwa ajili ya mvua. Ni mwenye gari la farasi aliyepita baadaye ndiye aliyenisaidia kumfikisha kwake.

Kesho yake asubuhi alikuja tena langoni, amevaa nguo kavu, na picha. "Nairobi? Dawit? Dehna?"

Keshokutwa yake vilevile. Sauti ileile, tabasamu lilelile, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza ananiona. Nilianza kujificha nyuma kwenye ile migomba nikisikia kitasa cha lango. Hata sasa, kazini, nikiwa nimempeleka mzee chumbani na korido imenyamaza, huwa nalisikia swali lile nyuma yangu, kwa sauti ile ya kukwaruza, na huwa sigeuki.

Emama alipojua nilichofanya hakunigombeza. Alimwita dereva mmoja wa malori ya Moyale, Gashe Bekele, gashe kwao ni kama kusema kaka mkubwa, ambaye alijua Kiswahili cha barabarani. Ndiye aliyeleta habari ya Dawit kwa wazee. Akakaa kwenye kigoda, akakunja kofia.

"Dada," akasema, "mama anasema wewe si mbaya. Wewe ni mtoto tu."

Nikamwambia mimi si mtoto, na nikamuuliza kwani ule si uongo, kumchekea mtu na mnajua.

Akacheka kabla hata hajatafsiri. "Uongo gani? Sisi tunachelewesha, hatufichi. Binti yake yuko Hawassa, anakuja. Padri anajulishwa. Watu wa maziko wa mtaa wanajipanga, nani atamshika, nani atapika, hema litasimama wapi. Huyo mama ana presha. Unataka tumpe habari hiyo akiwa amebeba mwavuli?"

Emama alisema kitu kirefu, akinitazama mimi, si yeye. Gashe Bekele akatafsiri. "Anasema mtu akipewa habari hii akiwa peke yake, haimwingii. Inabaki nje, inazunguka nyumba. Ndiyo maana anakuja kukuuliza. Anasema, lazima iingie pamoja na watu."

Binti wa Hawassa alifika. Alfajiri Emama akaniamsha, akanitanda netela yeye mwenyewe, ule upindo wake wa rangi akaupandisha juu shingoni. Ndivyo wanavyovaa penye msiba. Tukatoka gizani. Ukungu ulikuwa mzito na mji haujawasha hata moto. Nilidhani tuko wawili tu, mpaka tulipokaribia uzio wa Alemitu nikaona watu wamesimama, weupe, wengi, wengine bado wanaongezeka kutoka kwenye vichochoro, na hakuna anayekohoa. Hata mbwa walikuwa wamenyamaza. Mzee mmoja akasogea akagonga.

Alifungua yeye mwenyewe. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mbuzi zake jioni. Akamwona padri. Akamwona binti yake ambaye hakuwa na sababu ya kuwa pale saa ile. Akaniona na mimi. Hakuna aliyesema neno, Hirut, mpaka leo nakumbuka, hakuna aliyesema. Lakini wanawake wawili walishamshika kila upande kabla sauti haijamtoka, na ilipotoka walikuwa wameshamzunguka wote, na sauti yake ikawa yao. Emama alinisukuma mbele. Nikashika miguu ya Alemitu. Alilia mpaka jua likawa juu. Kisha akalala mapajani mwa binti yake, amefungua mdomo, kama mtoto.

Hakuja tena langoni na picha.

Nilirudi Nairobi, ukazaliwa, tukaletwa nchi hii ya Wazungu kama wakimbizi, na nilidhani nimejifunza. Mtu hudhani hivyo.

Mwaka jana Agosti unaujua, lakini nitausema kwa sababu hatujawahi kuusema. Baba yako alirudi kutoka kazini, ghala la St Marys, na kikohozi. Helikopta za polisi zilikuwa zinapita juu ya mtaa wetu wa Merrylands kila jioni na barabara zimekufa kwa amri ya kukaa ndani. Walipokuja kumchukua, wamevaa plastiki kutoka kichwani mpaka miguuni, alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, akageuka akaniambia uji wa Yona unafurika. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu ana kwa ana. Nilikimbilia uji. Niliporudi gari halipo.

Wewe ulikuwa umepatikana na ugonjwa, umejifungia chumbani, nakuachia sahani mlangoni. Mchana ule daktari alipopiga simu nilikuwa nimevaa glavu za kusafishia choo. Nilikuja nikasimama nje ya mlango wako. Nilisema, "Hirut, baba hayuko tena." Nilizungumza na mbao, zile mbao nyepesi za nyumba za kupanga, zimechubuka chini alipopiga mpira Yona. Halafu ukasema, "Okay." Na nyuma yako nikasikia mwalimu kwenye kompyuta anaendelea na somo lake.

Sikufungua. Sheria ilisema nisifungue na nilikuwa na Yona, na labda sheria ilikuwa na haki. Lakini ningeweza kukaa chini pale sakafuni. Ningeweza kuweka mgongo wangu mlangoni ukajua niko. Nilirudi jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mimi niliyemwona mwanamke amekaa mtaroni kwenye maji, mimi niliyeshika miguu yake, nilikupa wewe habari ileile kwa namna ileile, ukiwa peke yako, na sikuwa hata na mikono ya kukunja kifuani ukaiona.

Maziko yaliruhusiwa watu kumi, na wewe hukuwa mmoja wao. Ulitazama kwenye simu na picha ikaganda padri ameinua mkono. Tangu siku ile sijakuona ukilia. Umefanya mitihani yako, umefaulu, umemfundisha Yona kuendesha baiskeli. Na kila jioni unachomeka simu ya baba yako kwenye chaji. Nakuona. Unaifuta kioo kwa mkono wa sweta, unaiweka juu ya friji pale alipokuwa akiiweka. Sikuwahi kusema kitu kwa sababu na mimi ningekuwa wa kwanza kuichomeka kama ungesahau.

Na kila Jumapili inalia. Emama. Jina lake linawaka pale juu, na sote watatu tunageuka, hata Yona. Nimesema yuko kazini, Getu akimtafsiria. Nimesema amebadilishiwa zamu. Nimesema amelala, amechoka. Getu alijua siku ileile, alinilia kwenye simu mpaka nikamwonea huruma, kisha akaniomba jambo moja: "Dada, usimwambie. Ngoja viwanja vya ndege vifunguliwe, aje mtu wa damu ya Girma, tufanye kama inavyofanywa." Nikasema sawa. Nani alijua vitachukua muda wote ule kufunguliwa. Wewe ukiwa chumbani ulinisikia nikitunga, Jumapili baada ya Jumapili, na najua ulichokuwa unakiwaza juu yangu. Sikulaumu. Ningewaza hivyohivyo.

Lakini kuna kitu sikukwambia jana kwa sababu ya ile sufuria.

Tangu Krismasi yao, ile ya Januari, Emama hajamuuliza baba yako. Hata mara moja. Mwanamke aliyeuliza Jumapili zote za maisha yako, anakula? amenenepa? ana koti la baridi?, ameacha kuuliza. Anakuuliza wewe. Urefu wako umefika wapi. Unapenda pilipili au hupendi. Jumapili iliyopita nilijitayarisha na uongo wangu mkononi, nikangoja, nikasikia tu jogoo na mtu anapasua kuni. Kisha akasema kitu na Getu akanitafsiria, na sauti ya Getu haikuwa sawa. "Anasema, mwambie Hirut asilete zawadi. Aje tu. Anasema amengoja vizuri."

Amengoja vizuri. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Hirut, nadhani anajua. Nadhani anajua namna sote wawili tunavyojua, ikiwa nje, inazunguka nyumba. Na anangoja watu wake waje wagonge ili apate ruhusa. Kwa hivyo ukimwambia mlangoni, na mkoba begani, hutakuwa umempa ukweli ambao hana. Utakuwa umemnyang'anya wale watu. Atakutabasamia na kukupigapiga shavu, ndilo ninaloliogopa, kwa sababu wewe ni mgeni na ni mtoto na hatataka uone vibaya.

Sitakudanganya kwamba kungoja kutakuwa rahisi. Una uso wa baba yako, pua na lile paji, na kila mtu pale atakutazama na kugeuka upande. Utakula tonge atakalokupa na litakukwama. Akicheka, cheka. Akikuuliza waziwazi, sikwambii useme uongo. Uongo umetosha, nimeusema mimi kwa niaba yetu wote. Mlalie mapajani tu, usijibu. Yeye atajua la kufanya na kichwa chako. Getu hatachelewa kuwakusanya watu, ni siku moja tu au mbili.

Utakuwa umelala chumba kimoja naye, kwa hivyo wewe hutakuwa pamoja na wanaogonga, utakuwa ndani. Ukisikia mlango, usikimbilie kuufungua. Mwache aende mwenyewe, na wewe uwe nyuma yake, karibu, umguse mgongo ajue nani yupo. Atakapowaona, utawaona na wewe. Usiogope weupe wao. Usiogope ukimya.

Na hapa ndipo nilikuwa nakuja tangu nianze, nimezunguka sana. Juzi nilimpigia Getu bila wewe kujua. Nikamwambia, shemeji, wale wanawake wa kushika, tafadhali wawe wa kutosha watu wawili. Nikamweleza habari ya mlango wangu na glavu zangu. Kisha akasema, "Dada, hilo lilishapangwa. Wawili wa mama, wawili wa mtoto. Mama mwenyewe ndiye aliyesema wa mtoto wawe wenye nguvu."

Kwa hivyo hata yeye, huko, anakupangia wewe. Sitakueleza zaidi ya hapo. Unadhani unabeba habari kwenda kumpa mtu. Nenda ukaipokee na wewe, mwanangu. Iingie na watu. Ukisikia mikono imekushika, usiseme uko sawa. Umesema uko sawa vya kutosha katika nyumba hii.

Baadaye kaa kadiri utakavyo. Tiketi ni ya kwenda tu na sikuulizi ya kurudi. Jifunze lugha yao uje unisaidie, maana mimi bado najua vyakula tu. Nina matumaini mengi juu yako, mengine ya kijinga, sitayaandika. Yona naye ameniuliza kama fisi wanakula ndege. Nikamwambia hapana, ndege ni kubwa.

Kwangu mimi usihofu. Huko ikiwa alfajiri, hapa itakuwa mchana mweupe, na nimeomba ruhusa kazini. Nilimweleza Mama Furaha wa ghorofa ya chini, yule Mkongomani, nikidhani nitamwomba anishikie Yona tu. Aliweka chini kikapu chake cha nguo. "Dada, Yona atakuwa na Furaha wangu," akasema. "Miye na wamama wa kanisa tutakuya kwako. Tutakuya wengi. Tutalia na weye mpaka majirani wataita polisi, na polisi wakifika, watakaa chini nao." Nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikaona kwamba tangu Agosti mimi pia sijalia, nimeosha vyombo tu.

Watakuja wamevaa vitenge vyao, wataacha viatu kwenye korido mpaka ngazini, na mimi sitapika chochote. Saa hiyo usiniwaze, usinipigie, usitafute mtandao. Nitakuwa nimeshikwa.

Mama